Faini na Nyongeza Zake

Wazee walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Yamkata avunjaye amri, na yapasa imkate vilevile atozaye faini.

Faini ni adhabu, na kila adhabu ina kipimo chake. Katika kanuni za makosa madogo ya barabarani zilizotolewa Kenya mwaka 2016, dereva aliyezidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa hutozwa shilingi 500. Aliyezidisha kwa kilomita 16 hadi 20 hutozwa shilingi 10,000. Kosa dogo, adhabu ndogo. Kosa kubwa, adhabu kubwa. Hapo hapana wa kunung'unika.

Lakini itazameni ile ada ya shilingi 50 iliyozoeleka kuongezwa juu ya malipo ya serikali katika mfumo wa eCitizen. Iwekeni juu ya faini ya shilingi 500, nayo ni asilimia 10. Iwekeni juu ya shilingi 10,000, nayo ni nusu ya asilimia moja. Basi mwenye kosa dogo ndiye aongezewaye sehemu kubwa! Kipimo kimepinduliwa juu chini.

Mwendesha bodaboda wa Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, aitwapo mahakamani Lodwar hupoteza siku ya kazi, huchoma petroli, na hulipia hata kutuma fedha kwa simu. Hayo yote hayamo katika hukumu, lakini hutoka mfukoni mwake. Je, ni haki kumwongezea na jingine?

Wako wasemao, "Mitambo ina gharama, na ailipe mkosaji." La! Mfungwa hadaiwi bei ya kufuli. Kuhukumu na kukusanya faini ni kazi ya serikali, na kazi hiyo huendeshwa kwa kodi ya wote. Uingereza ililijaribu jambo hili. Aprili 2015 waliotiwa hatiani walianza kutozwa gharama za mahakama juu ya faini, kuanzia pauni 150. Makumi ya mahakimu walijiuzulu kwa kuchukizwa, na Desemba mwaka huohuo tozo hiyo ikafutwa.

Kwetu, kifungu cha 210 cha Katiba chasema kwamba kodi haitozwi ila kwa sheria. Aprili 2025 Mahakama Kuu, katika kesi ya karo za shule, ilitamka kwamba ile ada ya shilingi 50 haikuwa na msingi wa kisheria. Ikiwa mzazi hapaswi kutozwa bila sheria, dereva naye hapaswi.

Shilingi 50 si nyingi, mtasema. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa na wanyonge. Nanyi vijana, ambao kesho mtakuwa mahakimu, makarani na madereva, shikeni neno hili: mkosaji na alipe kosa lake lote, wala asilipe hata senti moja zaidi.