MGENI NJOO, MWENYEJI APONE – LAKINI APONE KWA HAKI

Mithali hii twaijua sote tangu utoto. Wazee waliosema "mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakuwa na maana kwamba mgeni aje apate kukamuliwa. Walitaka kusema kuwa kuja kwake ni neema kwa nyumba nzima: siku hiyo kuku huchinjwa, na watoto wa mwenyeji nao hupata kipande. Leo twapenda kuuliza: katika hoteli za chakula zilizo jirani na magofu ya Kilwa, ni nani anayepona?

Mwandishi wa maneno haya alikula chakula cha mchana katika hoteli moja ya Kilwa Masoko. Meza ya pili walikaa wageni wawili kutoka Ulaya, waliokuwa wamerudi punde kwa mashua kutoka Kisiwani, nguo zao zingali na chumvi. Waliagiza wali na nguru wa nazi. Mwandishi naye aliagiza hivyo hivyo. Chakula kilitoka katika chungu kimoja. Ukutani hapakuwa na ubao wa bei, wala mezani hapakuwa na karatasi. Ulipofika wakati wa kulipa, mwandishi alidaiwa shilingi 10,000. Wageni wakadaiwa shilingi 30,000 kila mmoja. Kijana wa mezani alipotambua kuwa amesikiwa, aliinama akanong'ona: "Mzee, wewe si ni wa hapa hapa?" Mwandishi akanyamaza, akalipa, akaondoka. Kunyamaza kule ndiko kulikozaa makala haya, maana anyamazaye mbele ya dhuluma amekwisha kuwa mshiriki wake.

Wapo watakaosema kwamba wageni wana fedha, na kwao kiasi hicho si kitu. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwizi naye husema hivyo. Lakini wapo pia watakaosema kwamba hata Serikali humtoza mgeni ada kubwa kuliko raia aingiapo magofuni. Hoja hii ina uzito, na yafaa ijibiwe. Ada ya magofu imeandikwa, hutolewa stakabadhi, na sababu yake yaeleweka: raia amekwisha kuchangia urithi ule kwa kodi yake, na mgeni bado. Nguru hakutunzwa kwa kodi ya mtu. Amevuliwa baharini, akanunuliwa kwa bei moja, akapikwa kwa moto mmoja. Bei mbili za sahani moja, tena zisizoandikwa popote, haziwezi kuitwa ada. Ni hila. Dini zetu zote zakataza kupima kwa mizani mbili, wala hazikusema kwamba katazo hilo halimhusu mgeni.

Tena tuulize: zile shilingi 20,000 za ziada zilikwenda wapi? Mvuvi hakuziona, alikwisha kulipwa ufukweni kwa bei ya siku ile. Mwenye minazi hakuziona. Kijana wa mezani mshahara wake haukuongezeka kwa sababu mgeni amelipa mara tatu. Yeye alipewa kazi moja zaidi, kazi ya kusema uongo, na kazi hiyo haina malipo. Mwaka 1970 Vijana wa TANU walizusha mjadala mkubwa magazetini wakiuliza utalii wamnufaisha nani. Miaka mingi imepita, na swali lile lingali linakaa mezani Masoko, mbele ya sahani ya wali.

Na madhara hayaishii hapo. Mgeni afikaye Kilwa amekusudia kufika. Amesafiri takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, akaiacha barabara kuu pale Nangurukuru, akaja kutazama msikiti mkuu, Husuni Kubwa na Songo Mnara. Magofu hayo yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini. Na baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi, yakaondolewa katika hatari mwaka 2014. Miaka kumi ya jasho kuyaokoa mawe! Faida gani tutapata ikiwa mgeni atayasifu mawe na kuwalaani watu?

Liko pia jambo la chakula chenyewe. Aghalabu mgeni huletewa chipsi na kuku, kana kwamba pwani haina jiko. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, aliandika jinsi alivyokirimiwa Mogadishu wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Alipofika Kilwa alimkuta sultani aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani mtu wa vipaji, kwa ajili ya ukarimu wake. Nasi leo twaona haya kumpa mgeni pweza wa nazi, muhogo, kisamvu na samaki wa kupaka! Ming'oko, ambayo mama zetu wa Lindi huichimba porini na kuichemsha, huuzwa kando ya barabara na haionekani mezani. Korosho na ufuta wetu huondoka katika magunia. Hapo ndipo ilipo faida ya haki: kumpa mgeni kitu asichoweza kukila kwao, ili fedha yake ipitie mikononi mwa mkulima, mvuvi na mpishi.

Kwa hiyo twatoa shauri. Kwanza, kila hoteli iandike bei ubaoni, moja kwa watu wote, kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zimekwisha kukataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mama lishe wengi huandika bei zao kwa chaki. Mwenye hoteli ya vigae hashindwi. Pili, kila alaye apewe stakabadhi. Tatu, mtumishi wa mezani apewe mkataba na mshahara unaojulikana, na bahashishi aliyopewa mkononi iwe yake. Nne, vyakula vya bei nafuu visiondolewe kwa sababu wageni wameongezeka. Mfanyakazi wa Masoko akishindwa kula palipo na mgeni, mwenyeji hakupona, amefukuzwa kwake.

Mwezi Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi pale Kilwa Masoko. Samaki wataongezeka, na wageni pia. Desturi tutakayoiacha iote mizizi sasa ndiyo tutakayoikuta wakati huo, nayo mti mkavu haukunjiki.

Ndugu zetu wenye hoteli wasituone maadui. Twawatakia faida, nayo iwe faida inayoweza kutajwa kwa sauti. Mwandishi wa maneno haya atarudi Masoko, atakaa meza ile ile, na kabla ya kuagiza atauliza bei, wageni wakisikia.