Baada ya kupasuliwa bawasiri usikimbilie kazi

Mfanyakazi akivunjika mguu, kambi nzima inakuja kumpa pole. Akipasuliwa bawasiri, ugonjwa ambao wengi wanauita emoroide, anasema aliumwa na tumbo tu, na kisha siku 5 amerudi kubeba vyuma. Aibu hiyo inamrudisha kwa munganga.

Wagonjwa wengi wanapona bila kisu. Lakini damu inayotoka wakati wa haja kubwa sharti munganga aione, maana si kila damu ni bawasiri.

Kwa yule aliyepasuliwa, tusimdanganye: juma la kwanza linauma sana, na choo cha kwanza ndicho kinachoogopesha. Wengine wanaacha kula ili wasiende chooni. Kumbe choo kinakuwa kigumu na maumivu yanazidi! Mama, mpe maji mengi, sombe, maharagi, papai, pilipili ingoje. Akae katika beseni ya maji ya vuguvugu dakika 10 mpaka 15, mara 2 au 3 kwa siku. Damu kidogo isiwatishe. Ikitoka nyingi, au akishikwa na homa, au akishindwa kukojoa, arudi hospitali siku ile ile.

Kupona kunaomba majuma 2 mpaka 4, pengine zaidi, na kazi nzito ndiyo ya mwisho kurudiwa. Kapita anayemwita mtu huyo mvivu anakosa, sawa na anayemtuma mtu shimoni bila kofia. Wala hana haja ya kujua kidonda kiko wapi: karatasi ya munganga inatosha kusema asibebe vizito.