Mtoto wa Tatu Hana Siti

Kadi ya gari letu inasema gari lina uwezo wa kubeba watu watano. Kadi inadanganya. Linabeba watano ikiwa wale watatu wa nyuma ni watu wazima, wembamba, na wanapendana. Wakiwa watoto watatu, kila mmoja kwenye kiti chake cha usalama, hesabu inagoma. Na kinachoniudhi si kule kugoma. Ni kwamba wote tumekubaliana, watengenezaji, wauzaji, watunga sheria wa nchi za mbali na mashangazi wa hapa nyumbani, kwamba hesabu ikigoma wa kutolewa ni mtoto.

Tuanze na sentimita, maana ndizo zenye ubishi. Kiti cha mtoto cha kiwango kipya cha Ulaya, kile cha i-Size, kinaruhusiwa kufika upana wa sentimita 44. Vitatu vya namna hiyo ni sentimita 132. IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007 na kujaa Dar es Salaam kama kunguru, ina upana wa milimita 1,695, na hapo umepima nje kwa nje. Toa milango miwili na vyote vilivyomo ndani yake: vyuma, vioo, mashine za kushushia vioo, sehemu za kuegemeza mkono. Kilichobaki nimekipima kwa futi ya fundi seremala. Hakitoshi.

Utasema ninunue gari kubwa. Kila mtu huniambia hivyo, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza duka la dawa. Sasa sikiliza. Vitz ya pili, 1,695. Premio na Allion, 1,695. Wish ya kwanza, 1,695. Hata Noah ya kawaida ya miaka ile, gari la heshima la harusi na misiba, ni 1,695. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Japan ina daraja la usajili la magari madogo, na gari likizidi upana wa mita 1.7 linahamishiwa daraja la juu. Kwa hiyo watengenezaji walisimama milimita tano kabla ya mstari, gari baada ya gari, kwa miongo. Siti ya nyuma ya familia ya Mbagala ilipimwa na karani wa Tokyo. Noah itakupa safu ya ziada, hilo kweli, lakini haikupi hata sentimita moja ya upana. Na kati ya IST na Noah kuna ushuru wa forodha, VAT, na ule ushuru wa uchakavu unaotulipisha zaidi kwa kununua kilichochoka. Kumwambia mwenye watoto watatu "nunua kubwa" ni kumwambia mwenye njaa abadilishe mpishi.

Inawezekana, lakini. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wapo wanaopenda kusikia kwamba haiwezekani ili wapumzike. Watatu wetu wanakaa nyuma, wote kwenye viti, na nimejifunza kwamba upana ulioandikwa kwenye boksi hauna maana sana. Kiti si tofali. Kina mabega, kina kiuno, na viti viwili hugombana pale tu mabega yao yanapokutana kwa urefu uleule. Kinachotazama nyuma kimepanuka mahali tofauti na kinachotazama mbele, kwa hiyo ukivichanganya vinapishana kama watu kwenye kichochoro. Chembamba kabisa hukaa katikati. Ukitumia vile vyuma vya ISOFIX, kiti kinang'ang'ania pale chuma kilipo, na chuma hakijali jirani. Ukikifunga kwa mkanda, unaweza kukisogeza vidole viwili kuelekea mlangoni, na vidole viwili ndivyo vinavyoamua kesi. Halafu upime yule mkubwa, anayekaa kwenye kiti cha kumnyanyua tu: je, mkono wake unafika pale mkanda unapochomekwa, au kiti cha mdogo wake kimekalia? Kwetu kilikalia. Tulibadilisha mpangilio mara nne, jasho linatiririka, jirani anachungulia juu ya ukuta akiuliza kama gari limeharibika. Na katikati, kwenye magari mengi haya ya zamani, kuna mkanda wa kiunoni tu, usio na kipande cha kupita begani. Huo haufai kwa kiti cha kunyanyua, na viti vingi vingine navyo havitaki kufungwa kwa mkanda huo. Soma kitabu cha maelekezo cha kiti chako. Ukikinunua mtumbani hakina kitabu, wala hujui kama kiliwahi kuwa kwenye ajali.

Kwa hiyo mchezo unachezeka, kwa anayeweza kununua viti vyembamba, mwenye Jumamosi nzima ya kupoteza, na anayejua kusoma mchoro. Hilo ni kundi dogo sana la wazazi. Usalama unaotegemea kipaji cha mzazi cha kupanga mafumbo si usalama, ni mtihani wa kuchuja.

Nilidhani walioendelea wamelimaliza hili. Uingereza inataka mtoto akae kwenye kiti mpaka miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Vizuri. Kisha geuza ukurasa: kama kiti cha tatu hakiingii nyuma, mwenye miaka mitatu au zaidi anaweza kufungwa mkanda wa watu wazima. Aliye chini ya miaka mitatu akae mbele kwenye kiti chake, mahali ambapo kiti kinachotazama nyuma kikikutana na mfuko wa hewa unaofanya kazi, mfuko huo unaweza kumuua. Japan inadai viti kwa walio chini ya miaka sita tangu Aprili 2000, nayo imeacha mlango wazi kwa gari ambalo viti vyote haviingii. Tena Japan, watoto watatu walio chini ya miaka 12 wanahesabiwa kuwa watu wazima wawili. Ukipanda daladala na watoto unaijua hesabu hiyo. Kondakta wetu huifanya bila karatasi: "Mama, pakata huyo." Serikali hizi zilipima, zikaona kiti hakiingii, na badala ya kumgeukia aliyetengeneza gari na kumwambia usiite hii siti, zikamsamehe mtoto wa tatu kulindwa.

Watafiti wawili huko Marekani, Jordan Nickerson na David Solomon, walitoa utafiti mwaka 2020 wakilinganisha majimbo yaliyopandisha umri wa kukaa kwenye kiti. Walikadiria kwamba mwaka 2017 sheria hizo ziliokoa watoto 57 wasife kwenye ajali, na zikazuia watoto 8,000 wasizaliwe, hasa wa tatu, kwa sababu wazazi waliona mbele yao siti ya nyuma iliyojaa. Watu wengi waliupokea utafiti huo kama hoja dhidi ya viti. Mimi nausoma kama hoja dhidi ya magari. Hakuna mahali kwenye zile kurasa palipoandikwa kwamba siti ya nyuma iliumbwa na Mungu siku ya sita.

Sasa wa nyumbani. "Mambo ya kizungu hayo. Sisi tulipakatwa, mbona tupo?" Tupo sisi tuliopo, wasiokuwapo hawachangii kwenye mazungumzo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, mtoto wa kilo 10 anamvuta aliyempakata kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 300. Ni sawa na kumdondosha kutoka juu mita 10 na kuahidi utamdaka. Mapenzi ya mama hayabebi kilo 300. Na usiniambie Dar ni foleni tu. Foleni inaisha saa nne usiku, Barabara ya Bagamoyo inafunguka, na Desemba nusu ya mji inaelekea Moshi kwa mwendo ambao mabasi yenyewe yanashangaa.

Wanaharakati wa usalama barabarani wamedai kwa miaka kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1973, imzungumzie mtoto ndani ya gari. Niko nao. Ila nina woga. Naogopa kipengele kitakachoandikwa kwa haraka, kikanakili faini kutoka ng'ambo pamoja na msamaha wa mtoto wa tatu, na trafiki akawa na sababu mpya ya kumsimamisha baba mwenye Passo huku muuzaji aliyeandika "siti 5" kwenye bango lake akinywa kahawa. Kama siti haiwezi kupokea kiti cha mtoto, kadi iseme hivyo. Iandike: watu wazima wanne na mkoba. Aliyeagiza gari apime, atangaze, awajibike kwa alichotangaza. Nilimwuliza muuzaji mmoja wa yadi kama anajua upana wa siti ya nyuma ya gari analouza. Akanijibu, "Mama, hapo wanakaa hata wanne mkibanana." Nikatoa futi. Akaniuliza kama natoka TRA.

Na kuna jambo ambalo waliobuni mpango huu wa viti hawakuliwaza: kwao nyumba ni baba, mama na watoto. Kwetu kuna dada anayetulelea, kuna bibi. Viti vitatu vikishakaa nyuma, hakuna aliyebakiziwa hata ukingo. Jumapili mama mkwe wangu hupanda bajaji kwenda kanisani, nasi tunamfuata na gari. Huwa anafika kwanza, na anatuwekea nafasi kwenye benchi, watu watano.