Land Rover kuukuu, injini ya Toyota: Nani hupanga bei ya magari yaliyobadilishwa Nyambene?

KATIKA miji ya milima ya Nyambene, kama vile Laare, Maua na Mutuati, ni nadra gari kununuliwa kwa sababu ya urembo. Miraa iliyochumwa asubuhi hupoteza thamani kwa kila saa inayopita, na soko lake kubwa liko mbali. Haja hiyo imezaa mafundi hodari wa kubadilisha magari. Springi huongezwa, bodi hutiwa vyuma, na injini iliyochoka hung'olewa ili nyingine itiwe mahali pake.

Ustadi huo si kosa. Kosa huanza pale gari hilo hilo linapopelekwa sokoni na kuelezwa kana kwamba halijawahi kuguswa na spana.

Matangazo ya magari haya, yawe yamebandikwa kwenye kioo au yanasambazwa kwa simu, yana lugha yake maalum. Mnunuzi huambiwa kwamba injini ni safi, kwamba gari halijawahi kupata ajali, kwamba mwenyewe ni wa kwanza, na kwamba kazi iliyobaki ni kulipa na kuendesha. Kwa magari ya miaka ya sitini hadi themanini huongezwa neno moja ambalo hupandisha bei kuliko mengine yote: asili.

Tuchukue mfano wa Land Rover za zamani, ambazo bado zinapanda njia mbovu za eneo la Mlima Kenya. Nyingi ziliunganishwa humu nchini, mjini Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Spea zilipoadimika, wenye magari walifanya jambo la busara kabisa: walitia injini za Toyota au Isuzu, ambazo kila fundi anazifahamu na vipuri vyake vinapatikana. Gari lililofanyiwa hivyo ni chombo kizuri cha kazi, pengine kizuri kuliko lilivyotoka kiwandani.

Lakini si gari la asili tena. Muuzaji anayelitangaza kuwa kumbukumbu adimu ya enzi zake, kisha akaongeza juu ya bei hiyo gharama ya injini mpya, magurudumu mapana na viti vya ngozi, anatoza mara mbili kwa mambo mawili yanayopingana. Wakusanyaji wa magari ya kale hulipa kwa sababu ya kile ambacho hakijabadilishwa. Mkulima wa Igembe hulipa kwa sababu ya kile kilichobadilishwa kikawa bora. Hakuna anayestahili kulipia vyote viwili.

Bei hizo husaidiwa pia na sheria. Kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, inazuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika ambayo yamepita umri wa miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliruhusiwa yale tu yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. Magari yenye usukani wa kushoto nayo hayasajiliwi, isipokuwa machache ya kazi maalum. Ndiyo sababu yale magari ya Kimarekani yenye injini kubwa na mngurumo ni adimu katika barabara zetu. Hata Ford Mustang haikutengenezwa kiwandani kwa usukani wa kulia hadi mwaka 2015.

Maana yake ni kwamba idadi ya magari ya kale nchini haiwezi kuongezeka kwa njia ya kawaida. Yaliyopo ndiyo hayo, na kila mwaka mengine huoza. Ushuru wa forodha wa magari ulipopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, hata magari ya juzi yakawa ghali, na mwenye gari kuukuu akapata kisingizio kingine cha kuongeza bei. Nambari za usajili za kabla ya mwaka 1989, zisizo na herufi mwishoni, sasa hutajwa katika matangazo kama hati ya ukoo. Hati hiyo haithibitishi lolote kuhusu kilichomo chini ya boneti.

Udanganyifu wa namna hii haukuanzia kwetu. Nchini Marekani, gari la Pontiac GTO la mwaka 1964 lilikuwa kwa hakika Pontiac LeMans lililoongezewa vifaa, na nambari yake ya chasisi haikuonyesha tofauti. Thamani ya GTO ilipopanda, kazi ya kugeuza LeMans ya kawaida kuwa GTO ya bandia ikawa na faida nono. Wanunuzi wa huko walijifunza kudai karatasi za kiwandani na kulinganisha nambari za injini kabla ya kutoa pesa.

Hapa kwetu hasara kubwa zaidi haiwapati matajiri wapenda magari ya kale. Inawapata wanunuzi wa pikapu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kutoka Laare hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 250, hivyo kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 500. Hilux inayofanya safari 300 kwa mwaka humaliza kilomita 150,000 katika mwaka huo mmoja, tena kwa mwendo ambao sote tunaujua. Pikapu ya aina hiyo inapoonekana kwenye yadi baada ya miaka minne, imepakwa rangi upya na mita yake inasoma kilomita 90,000, mtu hahitaji kuwa fundi ili ashuku. Hata hivyo magari kama hayo huuzwa, na mara nyingi mnunuzi ni mwalimu au mkulima aliyechukua mkopo wa chama cha ushirika, ambaye atafanya marejesho kwa miaka mingi baada ya injini kuzimika.

Biashara ya miraa yenyewe imechangia. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, na Somalia ilipofunga anga lake kwa shehena hiyo kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, safari zilipungua ghafla. Gari lisilo na safari huuzwa, na anayeliuza kwa dhiki hana haja ya kusimulia lilikotoka.

Inashangaza kwamba mfanyabiashara wa Laare, ambaye hutofautisha giza na kangeta kwa kutupia jicho tu na ambaye hawezi kununua kifurushi bila kufunua majani ya mgomba, hukubali kutuma arbuni ya gari kwa kuona picha.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kuwa bidhaa inayouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Ulinzi kuhusu ubora, kwa upande mwingine, humfunga hasa yule ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Hapa ndipo dalali anapopata mwanya wa kupenya. Hudai kwamba gari si lake, ni la 'mzee fulani' anayeliuza mara moja tu, kisha huandaa mkataba wenye sentensi inayosema kuwa mnunuzi ameliona gari na kuridhika nalo lilivyo. Maneno yote matamu ya tangazo hayamo katika mkataba huo.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu hali ya bidhaa na kiasi ilichotumika. Shida ni ushahidi. Tangazo la simu hufutwa usiku mmoja.

Mnunuzi ana njia kadhaa za kujikinga. Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, hutoa rekodi ya gari kwa ada isiyofika shilingi elfu moja, ikionyesha mmiliki aliyesajiliwa na iwapo gari limewekwa rehani. Nambari ya injini iliyo kwenye logibuku ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Mabadiliko ya injini au rangi yanapaswa kuarifiwa kwa mamlaka hiyo, na yasipoarifiwa kampuni ya bima inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa. Kwa gari lililotoka Japani, karatasi ya mnada huandika kilomita na daraja, ambapo herufi R mara nyingi humaanisha gari lililokarabatiwa baada ya kuumia. Muuzaji asiyetaka kuitoa aulizwe sababu.

Zaidi ya hayo, kila sifa iliyotangazwa iandikwe ndani ya mkataba na kutiwa sahihi: asili au imebadilishwa, injini ipi, kilomita ngapi, ajali au hapana. Mahakama za madai madogo, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiza kesi zisizozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuzimaliza kwa siku 60. Hilux nyingi zinazouzwa Nyambene hupita kiwango hicho, kwa hivyo mwenye malalamiko hulazimika kwenda mbele ya hakimu wa kawaida, na wakili wake atakachotaka kwanza ni karatasi hiyo.