Tapeli Hamtafuti Mjinga, Anamtafuta Mtii

Umezuka mtindo katika ofisi zetu, na katika vyumba vya walimu, wa kumcheka mtu aliyetapeliwa. Mwalimu akipoteza mshahara wa mwezi kwa barua pepe ya uongo, au mstaafu akinyang'anywa sehemu ya mafao yake na sauti tamu ya simu, jibu la wenzake huwa tayari kabla hajamaliza kusimulia: "Tamaa yake imemponza." Kisha kila mmoja hurudi kwenye kazi yake akiwa ameridhika kwamba yeye si mwenye tamaa, na kwa hiyo yu salama. Kasumba hii hapana budi ipigwe vita, maana ni uongo, tena ni uongo unaowanufaisha matapeli kuliko hila yoyote waliyoibuni wao wenyewe.

Hebu tuangalie ni nani anayewindwa. Katika wilaya ya Mbinga, na katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, fedha ya mkulima huonekana kwa msimu, kahawa ikishauzwa na malipo yakishapitia chama cha msingi. Mvuvi wa Liuli au wa Lituhi hupata usipa leo na kesho akarudi na wavu mtupu. Mtumishi wa umma ni kiumbe wa namna nyingine. Mshahara wake huingia benki kila mwezi. Ana cheo, ana namba ya utumishi, na tarehe yake ya kustaafu inaweza kuhesabiwa tangu siku alipoajiriwa. Zaidi ya yote, ana mkubwa wake wa kazi. Mtu asiye na mkubwa ni vigumu kumwandikia barua ya amri. Lakini maisha ya mwalimu, tangu mwanzo hadi mwisho, yanakwenda kwa barua. Iko barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa daraja, ya uhamisho, ya kusimamia mtihani, na mwisho barua ya kumwambia apumzike. Amefundishwa kwamba barua itokayo juu haijadiliwi. Tapeli ameliona hilo, na hapo ndipo alipotegesha mtego wake. Anachokitumia ni utii wa mwalimu, si tamaa yake.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, ingawa wasomaji wengi watautambua. Mwalimu wa kike anafundisha shule ya msingi upande wa Liparamba. Mumewe ni muuguzi mjini Mbinga. Kwa miaka mingi ameomba uhamisho. Siku moja inaingia barua pepe yenye nembo ya Taifa, kumbukumbu namba ya jalada, na jina la ofisi kubwa iliyoko Dodoma. Inamwita kwa majina yake matatu, inaitaja shule yake, inaitaja namba yake ya utumishi bila kukosea. Inasema kwamba ombi lake limekubaliwa, ila nafasi za Mbinga ni chache, na kwamba athibitishe kabla ya saa kumi jioni kwa kutuma "gharama za kuchakata jalada" kwa namba ya simu ya mhasibu. Inaongeza kwamba asimwambie mtu, kwa kuwa orodha bado ni ya siri.

Sasa niambieni, ndugu zangu, tamaa ya mwanamke huyu iko wapi? Kutaka kuishi na mume wake ni tamaa? Wazee wa Umatengo wanalijua jambo linalofanana na hili. Mlanguzi wa magoma huja kwa mkulima miezi ya njaa, ada ya shule inadaiwa na kahawa ingali mbichi mtini, akatoa fedha kidogo ili msimu ukifika achukue kahawa nyingi. Nako kumekuwako watu wa kusema kwamba mkulima kaponzwa na tamaa ya fedha ya haraka. Kilichompeleka kwa mlanguzi kilikuwa dhiki. Mnyonyaji wa zamani alikaa barazani na mizani yake. Wa leo amekaa mahali pasipojulikana na simu yake. Mrija ni ule ule.

Sikatai kwamba tamaa ipo. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, ambayo watu walipeleka fedha zao wakiita "kupanda mbegu" na kungojea kuvuna maradufu. Mwaka 2025 tukashuhudia mambo ya LBL, ambako watu waliweka fedha wakiahidiwa malipo kwa kutazama matangazo katika simu. Hapo tunaweza kuulizana, hasa sisi wa huku: Mmatengo anayejua kwamba mbuni huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuzaa, na kwamba ngolo haichimbwi kwa siku moja, alipata wapi imani ya mbegu inayozaa kwa wiki chache? Lakini hayo ni mashamba mengine. Barua ya uhamisho, ya mafao au ya madai ya malimbikizo haimwahidi mtu utajiri. Humwahidi haki yake, na ndiyo maana hata mtu mwaminifu kabisa huiamini.

Hila yenyewe ni kongwe. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walipokea barua kutoka kwa "mfungwa tajiri" aliyedaiwa kufungwa Hispania; mpokeaji aliombwa fedha kidogo za kumkomboa ili apewe hazina kubwa. Katika miaka ya 1980 mtindo huo ulishamiri Nigeria kwa njia ya posta, ukaja kuitwa "419" kwa kufuata kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Ikaja faksi, ikaja barua pepe, ikaja simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, tapeli alipata kitu ambacho babu yake hakuwa nacho: njia ya kupokea fedha za watu kwa dakika moja bila kuonyesha uso. Ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" ni mjukuu wa mfungwa wa Hispania.

Wala tusidhani kwamba wanaonaswa ni watu wa vijijini peke yao. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea kwa mwaka 2023 taarifa za hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kutokana na aina moja tu ya udanganyifu, ule wa barua pepe za kikazi, ambapo mhasibu huandikiwa kwa jina la mkubwa wake au la mzabuni ili apeleke malipo kwenye akaunti nyingine. Wahasibu hao wana shahada na kompyuta nzuri. Walichopungukiwa ni ujasiri wa kumwuliza mkubwa: je, hii ni barua yako?

Basi barua ya namna hii hutambulikaje? Jina linaloonekana juu ya barua pepe halithibitishi kitu, kama vile jina lililoandikwa nyuma ya bahasha lisivyothibitisha nani aliyeilamba. Mtu yeyote anaweza kujiandika "Katibu Mkuu". Kinachotazamwa ni anwani yenyewe, na katika anwani kinachotazamwa ni mwisho wake. Ofisi za Serikali yetu hutumia anwani zinazoishia na go.tz. Ikianza na jina la wizara ikaishia na gmail, au ikaweka go.tz katikati na mkia mwingine usiojulikana nyuma yake, hiyo ni ngozi ya kondoo. Hata anwani ikiwa sahihi, bado sanduku la mkubwa linaweza kuwa limevamiwa na mwizi anaandika kutoka ndani. Kwa hiyo barua inayotaka fedha, namba ya siri au kubonyeza kiungo huulizwa kwa njia nyingine: kwa namba ya simu unayoijua wewe tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo hiyo. Kumpigia tapeli kumwuliza kama yeye ni tapeli ni kazi bure.

Liko jambo moja ambalo kila mtumishi angelishika, biashara hii ingepungukiwa mno. Malipo halali ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa malipo wa Serikali, uliokuwa umekwisha kuanza kazi mwaka 2017. Serikali haina mhasibu anayepokea ada kwa namba yake ya simu. Uhamisho wa mtumishi hauuzwi. Mafao ya mstaafu hayatolewi kwa kutanguliza "fedha za kufungulia jalada". TAMISEMI imekwisha kuonya kuhusu matapeli wa uhamisho, na mfuko wa PSSSF umewaonya wastaafu kuhusu wale wanaojifanya maofisa wake. Na haraka ile, "kabla ya saa kumi jioni", yenyewe ingetosha kumshtua mtu. Nani kati yetu amewahi kuona jalada la uhamisho likikimbia?

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo halimhusu tapeli bali linatuhusu sisi wenye ofisi. Tapeli alizipata wapi namba ya utumishi ya yule mwalimu, jina la shule yake na habari kwamba ameomba kuhama? Hakuota. Orodha za watumishi, zenye majina matatu, namba za utumishi, namba za simu na hata za akaunti za benki, hubandikwa kwenye mbao za matangazo, hupigwa picha, hurushwa katika makundi ya WhatsApp ya kata nzima, na kutoka huko huenda zitakako. Nakala za vitambulisho huachwa kwenye kompyuta za maduka ya kuchapisha barua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, lakini ofisini bado tunazichukulia habari za mtu kama karatasi za kufungia karanga. Ofisa anayesambaza orodha hizo hajaiba hata senti moja, ila amemwachia mwizi mlango wazi.

La pili ni barua zenyewe. Serikali imejenga mfumo wake wa barua pepe, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa sheria ya mwaka 2019. Hata hivyo wako wakubwa wanaotoa maagizo ya kazi kwa anwani zao binafsi za bure, au kwa ujumbe wa simu usiku wa manane: "leteni takwimu, haraka, kabla ya asubuhi." Wamewazoesha walio chini yao kutii amri isiyo na muhuri, isiyo na kumbukumbu, yenye kelele nyingi na muda mfupi. Halafu tapeli akiandika kwa mtindo ule ule, tunamshangaa mwalimu kwa kutoweza kutofautisha! Angetofautishaje, iwapo barua ya kweli na ya uongo zimevaa kanzu moja? Mkubwa anayekasirika akiulizwa "je, ni wewe kweli uliyeniandikia?" anamfanyia tapeli kazi bila malipo.

Na la tatu ni kicheko kile nilichoanza nacho. Mtu anayejua kwamba atachekwa hatasema. Atakopa kufidia pengo, atamficha mwenzi wake, na wiki ijayo barua ile ile itamkuta jirani yake wa dawati la pili akiwa hana habari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua makosa ya kughushi, ya udanganyifu na ya kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, lakini polisi hawawezi kupeleleza jambo lililozikwa kwa aibu. Namba ya simu iliyotumika kutapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040. Aliyekwisha kutuma fedha na aupigie mtandao wake wa simu papo hapo, maana dakika chache huamua kama fedha itazuiliwa au itatolewa kwa wakala. Kila mtu anaweza pia kupiga *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wako watakaokuta laini wasizozijua.

Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imekwisha kufuta kisingizio cha zamani kwamba ofisi ya wilaya iko mbali mno kwenda kuuliza. Wakurugenzi wa halmashauri za wilaya hizi mbili na wateue ofisa mmoja kila mmoja, namba yake ya simu ya ofisi ijulikane katika kila shule na kila zahanati, awe ndiye wa kuulizwa "barua hii ni yenu?", na ajibu siku hiyo hiyo bila kumkaripia aliyeuliza. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya. Na zile orodha zilizobandikwa ubaoni zibanduliwe leo, kabla ofisi hazijafungwa.