Kompyuta ya Saiba Si Simba Yako

Kuna vijana wa Linux hapa Kisumu ambao wakishaweka i3 au dwm kwa laptopu, lazima kila mtu ajue. Skrini nyeusi, hakuna menyu, mausi imewekwa kando, madirisha yanajipanga yenyewe kama vigae. Sawa. Mashine ni yako, fanya unavyotaka. Ugomvi wangu unaanza pale mnapowashauri wenye saiba za Asembo Bay waondoe GNOME, KDE na Xfce, eti hizo ni za wavivu.

Swali hili lina uzito sasa. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu haziruhusiwi kuingia Windows 11. Linux inaweza kuziokoa. Lakini Linux ya nani?

Hoja yenu kubwa ni wepesi. Kweli, dwm ni nyepesi. Waliyoiandika walijiwekea mpaka wa mistari 2,000 ya kodi. Lakini hebu fungua brauza, weka eCitizen kwa tabo moja na KRA kwa nyingine, uone RAM inaenda wapi. Mlichookoa kwa kuacha Xfce kinamezwa na tabo chache tu. Mlaji ni brauza, na hiyo hamuiondoi.

Halafu hicho mnachokiita mzigo kina kazi. Deskitopu kamili ndiyo inayokuonya betri ikiisha, inayofungua flashi ikichomekwa, inayokuonyesha Wi-Fi iko wapi na kukuza herufi kwa mzee ambaye macho yamechoka. Ukibaki na msimamizi wa madirisha peke yake, hayo yote unayaunga mwenyewe, moja baada ya jingine.

Matthias Ettrich alipotangaza KDE mwaka wa 1996, alisema wazi anamlenga mtumiaji wa kawaida. Mama wa omena anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake kwa eCitizen ndiye huyo. Mkalishe mbele ya i3: haoni pa kubonyeza. Atamwita kijana wa saiba, atampa nywila yake, atalipia kila hatua. Sasa huo uhuru mnaouhubiri ni wa nani?

Kwetu, kijana akikua hujenga simba yake, kibanda chake ndani ya boma la baba. Anaipamba atakavyo na hakuna wa kumuuliza. Lakini hawezi kugeuza dala nzima kuwa simba. Njia zote za kibodi ulizopanga ziko kichwani mwako. Siku ukipanda matatu kwenda Nairobi kusaka kazi, unawaachia watu nyumba ambayo ufunguo wake umesafiri.

Kwa mashine za watu wengi, weka Xfce. Anayetaka i3 ataiweka mwenyewe, kwa yake.