Nyika si mahali patupu

Mpwa wangu aliye kidato cha tatu alinijia jioni moja na daftari lake la jiografia, akaniomba nimsikilize. Kesho yake alikuwa na mtihani wa ile sehemu ya somo inayomhusu binadamu: jinsi watu walivyotawanyika juu ya ardhi, wanavyosongamana, wanavyohama, na wanavyojenga makazi na miji. Alizikariri maana zote kwa Kiingereza bila kukwama hata mara moja, mithili ya kasuku. Nilipomtaka anieleze kwa Kiswahili msongamano wa watu ni kitu gani, na mtaa wetu una msongamano wa kiasi gani, alinitazama kwa mshangao akasema, "Mjomba, hilo haliulizwi kwenye mtihani."

Jibu lile limenikaa moyoni. Simlaumu kijana, maana amefunzwa kupita mtihani na atapita. Ninachosikitikia ni kwamba maneno aliyoyaacha daftarini ndiyo yanayotumiwa kugawa maji, barabara, zahanati na fedha za umma katika nchi hii. Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Nami nathubutu kuongeza kuwa asiyejua maana ya maneno haya huamuliwa na wanaoyajua.

Natuanze na neno lililo letu wenyewe: nyika. Kwa miaka mingi watu wa mwambao waliwaita majirani zao wa bara ya karibu Wanyika, yaani watu wa porini. Katika miaka ya 1940 majirani hao walilikataa jina hilo, wakajiita Mijikenda, yaani miji tisa. Vilima vilikuwa vilevile, misitu ya kaya ilikuwa ileile, na Wagiriama, Wadigo, Warabai na ndugu zao wengine hawakuhama hata hatua moja. Kilichobadilika ni neno tu. La kwanza lilisema hapa pana pori. La pili lilisema hapa pana watu, tena wenye miji yao na majina yake. Na mwaka 2008 misitu hiyo ya kaya ilipoingizwa katika orodha ya turathi za dunia, haikuingizwa kwa sababu ya miti peke yake, bali kwa kuwa ni mahali palipokaliwa, palipozikiwa wafu na palipotunzwa na watu.

Basi msomaji asidhani kwamba jambo la majina ni la kupoteza wakati. Wakoloni walilijua vyema. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1902 iliiwezesha serikali yao kuwauzia na kuwakodisha walowezi ardhi ya nchi hii, na mahali ambapo wenyeji walikuwa wameondoka palihesabiwa kuwa patupu. Lakini mfugaji huondoka ili majani yapate kuota, na mkulima huliacha shamba ili udongo upumzike. Kwao ile ilikuwa ardhi inayongojea wenyewe warudi. Kwa aliyeitazama kutoka ofisini, haikuwa na mwenyewe.

Tulipojitawala tulitarajia macho hayo yabadilike. Hata hivyo, Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965, ule uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, penye njia za usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Hoja yake ilikuwa kwamba shilingi iliyopandwa penye rutuba ingezaa haraka, na mazao yake yangewafikia wengine baadaye. Sehemu kubwa ya Kenya, takriban asilimia 80 ya ardhi yake, ni kame au nusu kame. Huko ile baadaye imechukua miaka mingi kuwadia. Hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipotungwa, taifa liliona lazima liunde Hazina ya Usawazishaji, itengewe nusu asilimia ya mapato ya taifa, ili maji, barabara, afya na umeme viyafikie maeneo yaliyoachwa nyuma. Hazina hiyo yenyewe ni ungamo kwamba tulikosea.

Sasa tulitazame lile neno lililomshinda mpwa wangu. Msongamano wa watu ni hesabu nyepesi: idadi ya watu ikigawanywa kwa ukubwa wa mahali wanapoishi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na msongamano wa nchi nzima ukawa watu 82 kwa kila kilomita mraba. Lakini ni nani anayeishi katika hiyo 82? Kaunti ya Vihiga ilipita watu 1,000 kwa kilomita mraba, ilhali Marsabit haikupita 6. Jijini Nairobi wastani ulikuwa zaidi ya watu 6,200. Ukiingia ndani ya jiji hilohilo utakuta kaunti ndogo ya Mathare ikiwa na zaidi ya 68,000 na Lang'ata ikiwa na takriban 900, kwa sababu Lang'ata imebeba mbuga ya wanyama. Simba wa mbuga ile wamemsaidia mkazi wa Mathare aonekane ana nafasi ya kujinyoosha! Wastani ni chombo kizuri kwa anayejua kimeficha nini. Kwa asiyejua, ni kitambaa cha kufungwa machoni.

Mwaka 2020 Seneti iliketi kikao baada ya kikao bila kuafikiana kuhusu namna ya kuzigawia kaunti 47 fedha za umma. Upande mmoja ulidai fedha zifuate watu, kila mtu apate shilingi sawa na mwenzake. Upande wa pili ulisema kwamba ukubwa wa ardhi na umaskini navyo vitiwe mizanini. Maafikiano yalipatikana mwezi Septemba mwaka huo. Magazeti yalituonyesha mvutano wa wanasiasa, lakini sikuona wengi wakitueleza kwamba ugomvi wote ule ulikuwa juu ya maneno mawili ya daftari la jiografia: msongamano na mtawanyiko.

Mimi sisemi kwamba wa mjini hana haki. Wengi wape, walisema wazee, na mama wa Mathare anayepanga foleni ya maji alfajiri hafarijiwi na ukubwa wa Marsabit. Lakini natuulize hivi: watu 5,000 wanaoishi katika kata moja ya Vihiga wanaweza kuhudumiwa na zahanati moja, na kila mmoja akaifikia kwa miguu. Watu 5,000 hao hao wakitawanyika juu ya mamia ya kilomita mraba, zahanati moja itakuwa ya wale wachache waliojaliwa kuishi karibu nayo. Idadi ni ile ile, lakini mahitaji si yale yale, kwa kuwa umbali nao ni gharama. Mama mjamzito anayesafiri siku nzima kumtafuta mkunga ameilipa gharama hiyo tayari, ijapokuwa hakuna aliyeiandika katika kitabu cha hesabu.

Na mji je? Hata mji una maana inayoweza kubadilishwa kwa kalamu. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilitaka jiji liwe na wakazi wasiopungua 500,000. Mwaka 2019 sheria hiyo ilirekebishwa, kiwango kikashuka hadi 250,000. Sensa ya mwaka huohuo iliikuta Eldoret na watu takriban 475,000, idadi ambayo kwa kipimo cha kwanza isingetosha. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikatunukiwa hadhi ya jiji. Siwaonei gere wakazi wake, na nawapongeza. Lakini mtu aliyelala mjini akaamka jijini ana haki ya kuuliza: je, mabomba ya majitaka yameongezeka usiku ule? Magari ya zimamoto je? Ada nitakazotozwa zitakuwa za mji au za jiji? Hawezi kuuliza hayo ikiwa hajui kwamba jiji, kabla ya kuwa sifa, ni kipimo chenye masharti.

Hapa ndipo ninapotaka kufikia. Katiba yetu inamtaka mwananchi ashiriki katika maamuzi ya fedha za umma, na mikutano ya kumsikiliza huitishwa kila mwaka katika kaunti. Nimehudhuria kadhaa. Maafisa huja na takwimu na ramani zilizoandikwa kwa Kiingereza, wazee huketi kimya wakipepewa na karatasi wasizozisoma, kisha jioni huandikwa kwamba wananchi walishauriwa. Kushauriwa huko ni kwa jina tu. Mzee yule anajua kisima kipi hukauka mwezi wa pili, njia ipi ngamia hupita kiangazi, na ni familia ngapi zimehamia kijijini tangu mvua iliposhindwa. Jiografia anayo kichwani. Kinachomkosesha haki ni kwamba haijaitwa kwa majina anayoyajua.

Hatuna budi kurekebisha hali hii, na wakati tunao. Tumezoea kuhesabiwa kila baada ya miaka 10, na utaratibu huo ukifuatwa sensa ijayo itakuwa mwaka 2029. Shirika la Taifa la Takwimu litoe taarifa zake kwa Kiswahili fasaha, kata kwa kata, zibandikwe penye ofisi ya chifu mahali ambapo kila mtu atazisoma. Walimu nao, hata kama mtihani ni wa Kiingereza, wawapeleke wanafunzi nje ya darasa wauhesabu mtaa wao wenyewe, waulize nani amehama, ametoka wapi na kwa nini.

Mpwa wangu alipita mtihani wake, na nilimpongeza kama impasavyo mjomba. Jumamosi iliyofuata tulitoka na kalamu na daftari tukahesabu nyumba za mtaa wetu, na kila mlango tuliuliza ni wangapi wanaolala humo. Kwenye uwanja ule ambao ramani ya mtaa inauonyesha kuwa mtupu tulikuta familia 11, duka la mkaa na mama mmoja anayepika chapati. Kijana aliinama akaandika. Kisha akaniuliza swali ambalo ningependa kila diwani aulizwe: "Mjomba, kama hawa hawamo kwenye ramani, maji yao yatapitia wapi?"